Majilio ya Mama wa Ubatizo

Majilio yakianza, kwenye kabare ya Mama wa Ubatizo, kilabu chake cha pombe, glasi ya kwanza uliipata kwa hela yako, ya pili kwa Salamu Maria kumi. Hapakuwa na mjadala. Makanika, mwalimu, mwenye duka, karani wa serikali na tai yake shingoni, wote walisimama mbele ya meza yake wakisali huku macho yameganda kwenye jagi la urwagwa, pombe ile ya ndizi aliyoitengeneza mwenyewe uani. Ukiruka hata Salamu Maria moja alijua, ijapokuwa amekupa mgongo anageuza mishikaki. "Hiyo ni ya tisa, sha," anasema bila kugeuka. "Usimwibie Mama wa Mungu nyumbani kwangu." Basi mtu mzima na ndevu zake anarudi kwenye ya nane kwa adabu, na wenzake wanamcheka mpaka machozi.

Walevi nimewajua wengi, lakini walevi wanaojua rozari nzima kwa moyo niliwaona mtaa wa Nyamirambo tu, Kigali, mwanzoni mwa miaka ya tisini.

Mimi alinishika nilipobatizwa, kwa hiyo kumwita Mama wa Ubatizo ilikuwa haki yangu. Ajabu ni kwamba mtaa mzima ulimwita hivyo hivyo, hata majirani zetu Waislamu, na Nyamirambo kwao ndiko hasa. "Mama wa Ubatizo, tuazime sufuria." "Mama wa Ubatizo, mbuzi wako amekula mkeka wangu." Alikuwa mfupi, mnene, mwenye sweta ya kiume ya kijani juu ya kitenge, jua liwake mvua inyeshe. Sauti yake ilipanda kilima bila kupumzika. Kiswahili chake kilikuwa kile cha Kigali, chenye "iko" kila kona, na alikuwa na neno moja la kukutoa kwenye huzuni ya aina yoyote: "Mungu iko, ndizi iko, sisi tuko. Sasa unalia nini?"

Sisi tulikuwa watu wa Bukavu, ng'ambo ya mpaka; kazi ya baba iliwaleta wazazi wangu Kigali, na mimi nikazaliwa hapo. Baba alikuwa seremala, na karakana yake iligusana ukuta na kabare ya Mama wa Ubatizo, hata msumari ukigongwa kwetu glasi zinalia kwake. Nyumbani tulikuwa watatu: baba, mimi, na mdogo wangu Deo. Mama hatukuwa naye tena. Nitalifikia hilo, kwanza niacheni nimcheke kidogo huyu bibi, maana mwenyewe angekasirika sana nikianza na kilio.

Alikuwa na dini yake ndani ya dini. Majilio yote aliacha sukari, akatangaza kwa kila mtu, akanywa chai chungu huku amekunja uso ili tuone. Jioni unamkuta nyuma ya nyumba anatafuna muwa.

"Mama wa Ubatizo! Si ulisema umeacha sukari?"

"Nimeacha."

"Na huo?"

"Huu ni mti," anajibu, anatema makapi. "Kwani Yohana Mbatizaji alikula nini porini? Mawe?"

Siku moja padri wa parokia alikuja kumkataza. Alikuwa amesikia kwamba watu wanasali rozari mahali pa pombe, na jambo hilo halikumpendeza. Mama wa Ubatizo alimpokea kwa mikono miwili, akamfutia kiti kwa upande safi wa kitenge, akamletea soda baridi. Padri alikuwa ametembea kwa jua, akaimaliza upesi, akaomba nyingine. Watu walitazama chini, mabega yakitikisika.

"Padri," akasema Mama wa Ubatizo kwa upole ambao hatukuwahi kuusikia kwake, "hapa ya pili iko na masharti yake."

Padri alisali zote kumi, amesimama, kofia mkononi. Tangu siku hiyo hatukusikia tena habari ya kukatazwa, na nasikia alisimulia mwenyewe kwenye mahubiri, ila akasema ilimtokea rafiki yake.

Oktoba ya mwaka wa tisini vita vilipoanza huko kaskazini, mjini tulipangiwa saa ya kuwa ndani. Wenye kabare wote walilia biashara imekufa. Yeye alifurahi. "Nilikuwa natafuta namna ya kuwatoa watu hapa mapema waende kwa watoto wao," alisema. "Sasa serikali imenisaidia." Na kweli Majilio ya mwaka ule ndiyo yaliyokuwa makubwa, kwa sababu watu waliogopa, na watu wakiogopa hutafuta pa kukaa pamoja. Alasiri, wake za wateja wake walianza kuja na watoto. Kabare ikajaa akina mama wanaomenya viazi, watoto chini ya meza, na huyu bibi katikati yao anatoa amri kama bwana harusi aliyesahau kualika wapishi.

Ndipo alipotutungia mila. Nasema kututungia, maana hazikuwa za mtu. Wengi wetu tulikuwa tumeacha bibi na babu zetu mbali, Bukavu, Kibuye, Uvira, hatukujua familia inafanya nini katika zile Jumapili nne kabla ya Noeli zaidi ya kwenda misa na kurudi. Yeye alisema familia isiyofanya kitu pamoja ni abiria tu. Kila Jumapili aliipa kazi yake. Ya kwanza ilikuwa wiki ya mdomo: hakuna tusi, hakuna umbea. Alitangaza hilo asubuhi, na kabla ya chakula cha mchana tayari alikuwa amemwita muuza mkaa mbwa koko. Akajipiga kibao mdomoni mbele yetu sote, akaendelea kubishana naye kwa ishara za mikono. Wiki iliyofuata ilikuwa ya mikono, unamfanyia jirani kazi bila kuombwa. Kisha ya miguu, unamtembelea mtu usiyempenda. Ya nne hatukuwahi kuielewa vizuri. Aliiita wiki ya masikio, na kazi yake ilikuwa kukaa kimya na kusikiliza, jambo ambalo yeye mwenyewe hakuliweza hata dakika.

Na kulikuwa na nyasi. Kwenye kona ya kabare aliweka hori, kisanduku kidogo cha mbao cha kumlaza Mtoto Yesu siku ya Noeli. Kando yake aliweka kikapu cha ishinge, nyasi laini walizokuwa wakitandika wazee wa Kinyarwanda ndani ya nyumba zao. Kila tendo jema lilikuwa unyasi mmoja ndani ya hori, ili Mtoto akija alale pazuri. Lakini mwiko kujiwekea mwenyewe! Aliyekuona ndiye anakuwekea.

Yesu wangu, mlango wa vituko ukafunguka. Watu wakaanza kutenda mema kwa kelele. Makanika mmoja alifagia uwanja wetu wote akikohoa, akisogea dirishani, akikohoa tena, mpaka Deo akamwonea huruma akaenda kumwekea unyasi. Watu wawili walikubaliana kuwekeana. Mwalimu alimbebea bibi mmoja ndoo ya maji akampitisha mbele ya kabare mara mbili, na bibi mwenyewe anapiga kelele kwamba nyumba yake iko upande wa pili. Mama wa Ubatizo akaongeza sheria: ukionekana unatazama kama umeonekana, unyasi unatolewa. Hapo ndipo utamu ulipokolea. Mtaa mzima ukaanza kutenda mema kwa siri na kupelelezana kwa siri. Sisi watoto tulikuwa wapelelezi wakuu. Tulitoka shuleni tukikimbia, hata mkoba hatuvui, tunaingia kabare tumejaa habari: nani kamshonea nani kifungo, nani kanyamaza alipotukanwa. Sijawahi tena kuishi kipindi ambacho kila mtu alikuwa anatafuta kwa bidii jema la mwenzake. Nilikuwa nalala na furaha imenibana kifuani, nasubiri kuche.

Baba peke yake hakuingia.

Sasa ni lazima niseme. Mama yetu alifariki akijifungua, Majilio ya mwaka uliotangulia. Mtoto alikuwa wa kike. Aliishi kidogo, akamfuata mama kabla jua halijazama. Mama wa Ubatizo ndiye aliyekuwepo, na alipoona pumzi ya mtoto inakatika alichukua maji ya kusuuzia glasi, kwa sababu ndiyo yaliyokuwa karibu, akambatiza mwenyewe. Kanisa linaruhusu, mtoto akiwa hatarini Mkristo yeyote anaweza. Alimwuliza baba jina. Baba alikuwa amegeukia ukuta, hakujibu. Basi akampa jina alilojua yeye, akamwagia maji, ikaisha. Mama na mtoto walizikwa pamoja, na msalaba ukaandikwa jina la mama tu.

Baba hakuwahi kuuliza mtoto alibatizwa kwa jina gani. Wala hakutaka kusikia habari ya mtoto, wala ya Noeli. Nyumbani kwetu Noeli ilikuwa siku ya kazi. Alipiga randa tangu asubuhi, na Deo na mimi tulikula viazi vya jana. Hakuwa mkali. Alikuwa amefungwa tu, kama mlango uliovimba kwa mvua.

Mimi niliwahi kumwuliza Mama wa Ubatizo jina la mdogo wangu. Tulikuwa tunaosha glasi.

"Hilo si lako," alisema.

"Ni mdogo wangu!"

"Ni mtoto wa baba yako. Jina la mtoto halitupwi nje kama maji machafu. Baba yako ataniuliza, nitamwambia."

"Na asipouliza?"

Aliinua glasi akaitazama kwenye mwanga kama ina doa. "Nitaishi mpaka aulize," akasema.

Hayo ndiyo aliyoyataka huyu bibi, na tangu siku ile niliyajua na nikaanza kuyataka pamoja naye, kuliko nguo mpya na kuliko mchele wa Noeli.

Njia aliyopita ni ya punda. Mwaka ule wa tisini alitangaza kwamba hori bila wanyama ni sanduku tu, akachota udongo bondeni akaanza kufinyanga. Ng'ombe akatoka vizuri mno, ng'ombe wa Kinyarwanda hasa, pembe ndefu kama mikono ya mtu anayecheza ngoma. Kondoo naye akapita. Akafika kwenye punda, na hapo kila mtu akakwama. Kigali nzima hakukuwa na punda. Hapakuwa na mtu kwenye kabare aliyewahi kumwona. Mmoja alisema ana masikio ya sungura. Mwingine akasema ni mbuzi aliyesimama sana. Katekista, aliyetegemewa, alisema tu kwamba ni mnyama mnyenyekevu.

Mama wa Ubatizo akafinyanga alivyoelewa, na alipomaliza akampa pembe. Si vipembe, pembe za haja, zilizopinda juu.

"Mama, punda iko na pembe?" akauliza makanika.

"Amembeba Mama wa Mungu mpaka Bethlehemu," akajibu. "Mnyama wa heshima kama huyo mnataka niache kichwa chake kitupu?"

Tukaona ana hoja. Punda akawekwa kando ya kondoo, na watu wakaja kumtazama kutoka mitaa ya juu.

Siku chache baadaye baba alipita mlangoni na ubao begani. Alikuwa hapiti mle kwa kawaida, lakini mvua ilikuwa imeharibu njia ya nyuma. Akatupa jicho ndani, akapita. Akarudi. Akasimama kizingitini, ubao begani, maji yanamchuruzika.

"Huyo ni nini?"

"Punda," akasema Mama wa Ubatizo.

"Si punda huyo."

"Wewe ulimwona wapi?"

"Dodoma. Nilipokuwa turniboi wa malori nimelala nao uwanja mmoja miezi. Punda hana pembe!"

"Yewe, jamani. Umesikia? Hana pembe." Akageukia kabare nzima. "Basi masikio yanaanzia wapi? Na mkia? Mkia uko kama wa ng'ombe?"

Baba alikuwa amekasirika kabisa, na mimi niliyekuwa chini ya meza namenya viazi nilitetemeka kwa furaha, kwa sababu tangu mama afe sikuwa nimemwona amekasirikia kitu chochote. Alikwenda karakana. Kesho yake jioni mkono wake ulipenya dirishani ukaweka mezani punda wa mbao ya mparachichi, mdogo, masikio yamelala, tumbo limeshuka, mwenye uso wa mtu aliyechoshwa na mizigo ya wengine. Kabare ikapiga makofi na vigelegele. Mkono ukatoweka.

Mpaka leo sijui kama bibi yule alikosea au alimtega. Katika kitabu cha sala alichokuwa nacho kulikuwa na picha ya Noeli, na punda alikuwemo. Nilipomwonyesha picha hiyo alisema macho yake hayaoni vitu vidogo, na hapo hapo akamkemea mtu wa meza ya mwisho kwa kumwaga chumvi.

Basi baba akawa mchongaji wa Majilio, lakini wa dirishani. Mwaka uliofuata alileta ng'ombe na wachungaji, na mmoja wa wachungaji alifanana kabisa na makanika, mpaka makanika akaanza kunyoa ndevu. Kisha Yosefu, mwenye nyundo mkononi na mgongo uliopinda. Kisha Maria, ameketi, mikono mbele yake imejikunja na haina kitu. Tulipokuwa tukisali tulisikia nyundo yake upande wa pili wa ukuta. Tukianza kuimba, nyundo ilinyamaza. Tukimaliza, inaanza. Deo na mimi tuligundua hilo, tukawa tunaongeza beti.

Mtoto hakumchonga. Kila mkesha wa Noeli hori lilijaa nyasi mpaka pomoni, na halikuwa na mtu ndani. Watu walinung'unika. Mama mmoja mwenye ndugu Ulaya alileta mwanasesere wa plastiki mwenye macho ya buluu yanayofumba. Alikuwa mzuri kweli, sisi wasichana tulimtamani.

"Mrudishe," akasema Mama wa Ubatizo.

"Lakini ni bure!"

"Mtoto hanunuliwi wala haletwi na posta. Anazaliwa. Tutangoja."

"Miaka mingapi, mama? Noeli bila Yesu ni Noeli gani?"

"Noeli ya kungoja. Kwani Majilio ni nini?"

Na kila mwaka, mchana wa mkesha, alikwenda karakana kwa baba, mara moja tu. Hakuingia. Alisimama mlangoni na sweta yake ya kijani akasema, "Hori liko tayari." Baba akajibu, "Nimesikia." Aliporudi nilimtazama usoni kupata habari, naye akanipa kisu na ndizi za kumenya.

Sitaki mdhani alikuwa mtakatifu. Alikuwa mwongo wa kawaida, hasa kuhusu umri wake. Alichanganya maji kwenye urwagwa ya wale waliokuwa na watoto wengi na akasema ni ndizi za msimu ule. Alimchukia jirani mmoja wa kike miaka yote kwa sababu ya kuku, na wiki ya miguu ilipofika alikwenda kumtembelea, akakaa, akala, akarudi akasema, "Nimemtembelea. Bado ni mwizi." Alikuwa akimpigia Mungu kelele pia. Siku moja ya mwaka wa tisini na tatu, mabaya mjini yalikuwa yamezidi na watu wamepungua kwenye meza, nilimsikia uani akikanyaga ndizi za kutengenezea urwagwa na kusema kwa sauti, "Unaona lakini? Unaona?" Aliponiona akaanza kuimba.

Noeli ya mwaka huo hori lilikaa tupu tena. Januari ya tisini na nne baba alitupeleka Bukavu, bibi yetu alikuwa anaumwa sana. Tulimwachia Mama wa Ubatizo ufunguo wa karakana. Tulisema tutarudi kwa Pasaka. Pasaka bibi alikuwa bado kitandani, tukasema wiki ijayo. Wiki hiyo barabara ya Kigali ilifungwa, na yaliyotokea nyuma yake ulimwengu mzima umeyasikia. Mimi hapa nasimulia habari za mtu mmoja.

Miezi ile yote hatukujua kama yu hai. Wakimbizi walijaa Bukavu, baba alikwenda kuuliza kila siku, mlango kwa mlango, kambi kwa kambi, yeye ambaye hakuwahi kuvuka kizingiti cha kabare yake. "Mwanamke mfupi, sweta ya kijani. Anauza urwagwa. Anasalisha watu." Wengine walicheka, wengine walitikisa kichwa. Jioni alikaa peke yake na kisu chake cha kuchongea. Sikuuliza anachonga nini.

Desemba tulipata nafasi kwenye lori la unga. Deo alibaki na shangazi. Mimi na baba tukaenda. Tuliingia Kigali alasiri, tukapanda Nyamirambo kwa miguu. Nyumba nyingi hazikuwa na milango. Baba alitembea mbele, haraka, hakutazama pembeni, na mimi nilikuwa nasali kwa kasi ya ajabu, naruka maneno, nasema tu, awepo, awepo, awepo.

Tuliisikia sauti kabla ya kuona nyumba.

"Ya tisa hiyo! Huko Uganda mlikuwa mnahesabu namna gani?"

Nilipiga ukelele nikakimbia. Kabare ilikuwa imejaa, Mungu wangu, imejaa watu ambao sikuwajua hata mmoja. Walikuwa wa kurudi, watoto wa waliokimbia nchi zamani, waliokulia Uganda na Tanzania, wanaongea Kiswahili cha kila aina. Kijana mmoja mrefu alikuwa amesimama mbele ya meza na glasi tupu akimlalamikia mwenzake, "Hii ni baa ama kanisa?" Na nyuma ya meza, amekonda nusu, sweta ile ile sasa inamning'inia kama gunia, alikuwepo yeye. Alinishika uso kwa mikono yenye maji, akanitazama, akanisukuma, akanivuta tena. Tulilia na kucheka kwa pamoja, na wageni wakacheka nasi bila kujua sababu.

"Makanika?" nikauliza. Akatikisa kichwa. Nikataja wengine. Alitikisa kichwa, akatikisa, na kwa mmoja tu ndipo akasema, "Yule yuko Gitarama, anatembea." Nikaacha kutaja.

"Sanamu zote zimekwenda," akasema. "Yosefu walimchoma wakapikia. Nimewasamehe, alikuwa mti mkavu. Hori nimelikuta, kuku ametagia humo." Lilikuwa pale konani, limeoshwa, na ndani kulikuwa na nyasi. Chache, lakini zilikuwepo. Wageni hawa walikuwa wamekwisha kufundishwa.

Baba alikuwa mlangoni. Alikuwa amesimama pale pale aliposimama miaka minne nyuma na ubao begani, na nilidhani atabaki hapo. Kisha akainama kidogo, akaingia. Alipita katikati ya meza mpaka kwenye hori, akafungua mfuko wake, akatoa kitu kilichofungwa katika kipande cha kitenge cha mama. Akakifungua.

Alikuwa mtoto wa mbao, mkubwa kama kiganja, amelala, ngumi moja shavuni. Masikioni alikuwa na vipete viwili vya waya wa shaba, kama wanavyotobolewa wasichana wetu wakizaliwa.

"Mzee," akasema yule kijana mrefu kwa upole, "lakini Yesu alikuwa mvulana."

"Wewe nyamaza," akasema Mama wa Ubatizo, na hakumtazama.

Alikuwa anamtazama baba. Alikuwa amekauka kabisa, kitambaa cha kufutia mezani mkononi, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu nilimwona anaogopa. Baba alikohoa.

"Siku ile. Ulimwita nani?"

"Nilimpa jina langu," akasema. "Haraka ile sikuwa na jingine la kumpa."

Akalitaja. Nilikuwa nimemjua bibi huyu tangu nimezaliwa na sikuwahi kumsikia mtu akimwita kwa jina hilo. Baba alilirudia chini chini, akilizoea. Halafu akamlaza mtoto juu ya nyasi, akamwekea sawa kichwa, akasimama, na akamwita. Alimwita kwa sauti ya juu, kama mtu anavyomwita binti yake aliyekwenda kucheza nje na chakula kiko tayari.

Kigali mkubwa wako akikuita unaitika "karame," yaani uishi sana. Mama wa Ubatizo aliitika kwa niaba ya mtoto, kwa sauti nyembamba ambayo sikujua anayo.

"Karame, baba."

Baba akavua kofia, akavuta kigoda, akakaa katikati ya wale wageni.